Mashairi na Maigizo katika Shule ya Lugha Mbili: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Klabu, Kutoka Kigoma

Onyesho letu la kwanza lilichukua saa moja na nusu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wazazi waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe walikuwa wakinitazama mimi badala ya kuwatazama watoto wao. Nilikuwa nimeandika igizo kwa namna niliyoiona kuwa ya haki: kila sentensi iliyosemwa kwa Kiingereza ilirudiwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili asiwepo mgeni wa kuachwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyekasirika alilazimika kukasirika mara mbili, na aliyekufa alitangaza kifo chake kwa lugha zote mbili kabla ya kuanguka. Tulipomaliza, bibi mmoja aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu wangu, mbona hawa watoto wanagombana mara mbili mbili?"

Mwongozo huu umetokana na swali hilo. Unamlenga mwalimu wa shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, au shule yoyote inayofundisha kwa lugha mbili, anayetaka kuendesha klabu ya ushairi na maigizo kwa muhula mmoja. Msimamo wangu nitautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: katika klabu ya namna hii, lugha ya pili isiwe kivuli cha ya kwanza. Kila lugha ipewe kazi yake, na kazi hiyo isiweze kufanywa na nyingine.

Hatua ya kwanza: siku, mahali na idadi

Tenga wiki 10 na vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80, mara moja kwa wiki. Hapa kwetu Kigoma, na zaidi kwa shule zilizo upande wa Ujiji, usipange Ijumaa mchana, kwa sababu watoto wengi huenda kuswali na wale wanaobaki huhesabu kwamba klabu imeahirishwa. Jumatano inafaa. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia katikati ya muhula, hamishia mazoezi asubuhi au upunguze muda, kwani mtoto aliyefunga hapaswi kupaza sauti uwanjani saa tisa alasiri.

Mvua ni jambo la kuhesabiwa pia. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikishika juu ya bati hakuna mtoto wa darasa la tano atakayesikika, hata awe na kifua cha mwadhini. Kwa hiyo muhula wa pili, unaoanza wakati wa kiangazi, ndio bora kwa onyesho la nje, na mahafali ya darasa la saba yanakupa hadhira bila ya kuitafuta. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ni nafasi nyingine nzuri, ila angalia kwanza kalenda ya mwaka husika usije ukaialika hadhira wakati wanafunzi wako likizoni.

Kuhusu idadi, watoto 24 wanatosha. Ukizidisha hapo utakuwa unasimamia foleni, si mazoezi.

Hatua ya pili: zijue lugha zilizomo darasani

Tunasema shule ya lugha mbili kwa mazoea tu. Siku ya kwanza nilipowaketisha watoto katika duara na kumwomba kila mmoja asalimie kama anavyosalimia akiamka nyumbani, nilisikia Kiswahili, Kiha, Kibembe, Kirundi, na kutoka kwa mtoto mmoja aliyelelewa ng'ambo ya ziwa, Kifaransa safi. Kiingereza hakikusikika hata kidogo. Zoezi hilo lifanye wewe pia, uyaandike majibu kwenye daftari, kwa sababu litakuambia nani anaweza kupewa nafasi ipi baadaye, na litawaonyesha watoto kwamba lugha ya bibi si aibu ya kufichwa getini.

Lina faida nyingine ya kiufundi. Wapo watoto ambao lugha ya nyumbani huwafanya wabadilishane sauti za r na l, na wapo wanaoongeza irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, jambo ambalo halina ajabu, kwani silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu. Mwalimu akiwacheka, wenzao watawacheka mwaka mzima. Yaandike tu unayoyasikia, utayashughulikia kwa michezo ya sauti wiki zinazofuata.

Hatua ya tatu: ushairi uanzie mikononi

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa kuwa klabu nyingi huharibikia hapa. Mwalimu huandika ubaoni "vina, mizani, mishororo, beti", watoto hunakili, na siku inakwisha bila ya mtu kughani hata mshororo mmoja. Geuza utaratibu. Kalamu na madaftari yabaki darasani, na wiki mbili za kwanza ziwe za makofi.

Mizani ni hesabu ya silabi, na mtoto huijua kwa kupiga kofi moja kwa kila silabi. Anza na majina yao wenyewe, kisha majina ya mahali: Ki-go-ma ni makofi matatu, U-ji-ji matatu, Ta-nga-nyi-ka manne. Watakapozoea, walete maneno ya mtego. "Mtoto" ina mizani mitatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi kamili. Lakini "mbuzi" ina miwili tu, kwa sababu m imeshikamana na b. "Mbwa" nayo ina miwili, m ikisimama peke yake. "Nchi" ina miwili, "taa" miwili, "dagaa" mitatu. Waache wabishane, kwani mabishano ya mizani ndiyo somo lenyewe.

Baada ya hapo waelekeze kwenye umbo linalofahamika zaidi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanywa vipande viwili vya mizani minane, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), huku vina, yaani silabi za mwisho wa kila kipande, vya kati vikifanana vyenyewe kwa vyenyewe na vya mwisho vivyo hivyo. Chagueni jambo ambalo kila mtoto ameliona kwa macho yake. Sisi tulichagua taa za wavuvi wa dagaa, ambazo usiku usio na mbalamwezi hutanda ziwani hata mgeni akadhani kuna mji mwingine upande wa pili.

Mtoto mmoja alianza hivi: "Baba yupo kwenye mtumbwi." Tukapiga makofi: ba-ba-yu-po-kwe-nye-m-tu-mbwi. Tisa. Kofi moja lilikuwa limezidi na kina cha -ni tulichokuwa tumekubaliana hakikuwapo. Sikumpa jibu. Baada ya dakika kama mbili, msichana aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema: "Mwalimu, tukisema mtumbwini?" Kofi likapungua, kina kikapatikana, na darasa zima likaelewa kwa mara moja kwamba kiambishi cha mahali kinaweza kuokoa mshororo. Ubeti uliokamilika ulikuwa huu:

Taa nyingi za ziwani, gizani zinapowaka,
Baba yuko mtumbwini, dagaa anawasaka,
Mama yupo ufukweni, kapu lake kaliweka,
Nami niko kitabuni, asubuhi ikifika.

Hesabu mwenyewe kwa makofi kabla ya kuwapa watoto wako. Utaona pia kwamba "kaliweka" imetumika badala ya "ameliweka" ili mizani isizidi, na hiyo ni ruhusa ya kishairi ambayo watoto hufurahi sana kuambiwa kwamba ipo. Wasiipate bure, hata hivyo. Anayetaka kulifupisha neno aeleze kwanza ni wapi alipozidisha.

Mshororo wa mwisho ndio kituo, na ukirudiwa kila ubeti huwa kiitikio ambacho hadhira nzima inaweza kukishika. Kumbuka hilo, tutalihitaji siku ya onyesho.

Sasa upande wa Kiingereza. Kosa nililolifanya, na ambalo naliona katika shule nyingi, ni kuchukua ubeti kama huo na kuwaambia watoto wautafsiri. Hauwezekani, na sababu yake ni nzuri kuwafundisha. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, nao huhama neno linaporefuka: ZI-wa, lakini zi-WA-ni. Kwa kuwa mahali pake panajulikana, mshairi hahangaiki nao, bali huhesabu silabi zote sawasawa. Kiingereza hakiko hivyo. Mkazo wake hukaa popote, na sikio la Mwingereza huihesabu mikazo na kuzimeza silabi zilizo kati yake. Ndiyo maana mstari wa kawaida wa tamthiliya za Shakespeare huelezwa kuwa na silabi 10 na mikazo mitano, na ile mitano ndiyo inayousukuma.

Kwa hiyo kwa mashairi ya Kiingereza acheni makofi, tumieni miguu. Watoto watembee uwanjani wakisema mstari wenye mikazo minne, na mguu uguse chini kwenye mkazo tu. Iwe silabi saba au tisa, hatua zibaki nne. Mtoto aliyekuwa akighani Kiingereza kama mtu anayehesabu shanga ataanza kukisema kama lugha yenye mwendo wake, na zile irabu za ziada mwishoni mwa maneno zitapungua zenyewe kwa kukosa nafasi ya kukaa. Kisha waandike shairi la Kiingereza juu ya jambo lile lile, taa za ziwani, bila ya kuutazama ubeti wa Kiswahili. Yatatoka mashairi mawili ya mada moja, na hayo ndiyo tunayoyataka.

Hatua ya nne: ngonjera iwe daraja

Kutoka ushairi hadi igizo kuna pengo, na ngonjera huliziba vizuri kuliko zoezi lolote ninalolijua. Ni mashairi ya kujibizana yaliyoenezwa nchini hasa na Mathias Mnyampala katika miaka ya baada ya uhuru, na mtoto anayejibizana kwa mashairi tayari anaigiza, ajue asijue.

Nakuomba uepuke ngonjera moja tu, ile ya Kiswahili kugombana na Kiingereza. Nimeisikia katika mahafali zisizo na idadi, na kila mara huisha kwa wote wawili kushikana mikono na kusema kwamba wote ni muhimu, jambo ambalo hadhira ilikuwa imeshalijua ilipoingia getini. Tafuta ugomvi wa kweli wa mahali penu. Sisi tuliwagombanisha Reli na Ziwa juu ya nani aliyeujenga mji, kwa kuwa Kigoma tunajulikana kama mwisho wa reli. Reli ilijigamba:

Nimetoka baharini, nikiubeba mzigo,

na Ziwa likajibu kwa vina vile vile:

Ukifika ufukweni, unakwama ewe gogo!

Sheria ni hiyo: anayejibu lazima avifuate vina vya aliyemtangulia. Sheria hiyo huwalazimisha wasikilizane, na kusikilizana ndiko mwanzo wa uigizaji.

Hatua ya tano: kisa cha igizo

Chagua kisa ambacho ndani yake watu wana sababu ya kusema lugha mbili. Usipopata sababu hiyo, utarudia kosa langu la chini ya mwembe.

Kigoma tuna kisa kilichojaa tele, ingawa hutazamwa kwa jicho moja. Kila shule huigiza kukutana kwa Stanley na Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, watoto wawili wakipeana mikono na wengine ishirini wakisimama kama miti. Lakini kwa mujibu wa simulizi ya Stanley mwenyewe, mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza kutoka katika umati ule alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Huyo ndiye mhusika mkuu wa kufaa shule ya lugha mbili! Yeye anazielewa pande zote. Anajua umati unasema nini kuhusu mgeni, na anajua mgeni anauliza nini. Ni huyo huyo Susi ambaye, pamoja na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo baada ya kifo chake mwaka 1873. Ukimweka Susi katikati ya jukwaa, wale watoto ishirini wanapata la kusema, na wanalisema kwa Kiswahili chao.

Kisa kingine ni cha meli ya Liemba, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 chini ya Waingereza kwa jina jipya. Mabadiliko ya mabwana na ya lugha yamo ndani ya kisa chenyewe. Wenzetu wa Tabora nao wana utajiri wao wa Mtemi Mirambo na njia za misafara, sina haja ya kuwafundisha.

Hatua ya sita: kugawa lugha jukwaani

Njia ya kwanza ni lugha kufuata mhusika. Stanley aseme Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha yake, wachuuzi wa Ujiji waseme Kiswahili, na asiwepo wa kurudia maneno ya mwenzake. Hadhira isiyojua Kiingereza itaelewa kutokana na majibu. Stanley akiuliza jambo, na mchuuzi akajibu, "Daktari? Yule mzee wa ndevu nyeupe? Anaishi pale," swali limeshafahamika bila ya kutafsiriwa. Andika majibu namna hiyo, yabebe swali ndani yake.

Njia ya pili, na niipendayo zaidi, ni mkalimani. Hadhira yetu inamfahamu tangu kwenye mikutano ya injili, yule anayesimama ubavuni mwa mhubiri mgeni, akinyanyua mkono mhubiri anaponyanyua na kupiga kelele anapopiga. Mpe mkalimani wako tabia. Awe mwoga, anayelainisha kila tusi. Awe mjanja, anayeongeza bei. Mgeni akizungumza kwa dakika nzima, yeye aseme: "Anasema hapana." Kicheko kinachofuata hujigawa mara mbili: wanaojua Kiingereza wanacheka kwa yale aliyoyaacha, na wasiokijua wanacheka kwa ufupi wake. Kila mtu amepata chake.

Njia ya tatu ni kukipa kiitikio lugha moja na kitendo lugha nyingine. Matukio mafupi ya Kiingereza yatenganishwe na kundi linaloghani ubeti wa Kiswahili, ambao hausimulii yaliyotokea bali unatoa maoni ya watu wa mji.

Kwa darasa la saba waliokomaa, ongeza kipindi kimoja cha kujadili tafsiri yenyewe. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na akafundisha St. Mary's huko huko baada ya kutoka Makerere, alizitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, moja ikatoka mwaka 1963 na ya pili, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Neno "mabepari" peke yake linatosha kwa mjadala wa dakika 40: waulize kwa nini mfanyabiashara wa Venisi ameitwa bepari, na katika nchi ya mwaka 1969 neno hilo lilikuwa na uzito gani.

Hatua ya saba: mazoezi

Ikiwa wiki nne zimekwenda kwenye sauti na ushairi na moja kwenye ngonjera, zimebaki tano. Ya sita ni ya kusoma mkiwa mmekaa, na kila mtoto asome nafasi isiyo yake angalau mara moja, kwa sababu siku ya onyesho atakuwapo mgonjwa wa malaria. Ya saba na ya nane ni za kusimama na kutembea. Zoezi la sauti ni jepesi: wawili wawili, hatua 20 kati yao, na anayesikiliza anyooshe mkono kila asiposikia. Kupiga kelele hakusaidii, na watoto wataligundua hilo wenyewe watakapoona kwamba irabu ndizo zinazosafiri, si nguvu ya koo.

Ya tisa isiwe na makaratasi. Mtoto akisahau maneno ya Kiingereza, mruhusu aendelee kwa maneno yake mwenyewe ya Kiingereza, hata yenye makosa, kuliko asimame akimtazama mkumbushaji. Kumsahihisha sarufi katikati ya mazoezi ni kumfunga mdomo. Sarufi ina kipindi chake. Ya kumi ni mazoezi ya mwisho mkiwa mmevaa.

Vifaa na maleba

Usitumie fedha. Kanga, vitenge na kanzu za nyumbani zinatosha, na benchi lililogeuzwa miguu juu ni mtumbwi kamili. Ukiomba wavu uliochakaa mwaloni Kibirizi, utapewa. Uuanike juani siku mbili kwanza, ninakuambia hilo kwa uchungu.

Siku ya onyesho

Panga kuanza saa tatu na nusu asubuhi, kabla ya upepo wa ziwa kuzidi, ili pia uwahi kuwarudisha watoto nyumbani mchana kweupe. Onyesho zima lisizidi dakika 45. Usitegemee kipaza sauti, kwa kuwa umeme ukikatika watoto waliokizoea huishiwa nguvu papo hapo. Wazee wakae mbele, na jua liwe nyuma ya hadhira, si machoni mwake. Barua za ruhusa kwa wazazi zieleze pia kama picha za watoto zitapigwa na kuwekwa mtandaoni, na mzazi anayekataa asihojiwe.

Kabla ya igizo kuanza, mtoto mmoja aifundishe hadhira kiitikio. Afanye mara mbili tu. Mwaka wa pili tulipofanya hivyo, kundi lilipofika kwenye mshororo wa nne, wazazi walikuwa wameshatangulia na "Nami niko kitabuni", na bibi yule wa mwaka uliopita alikuwa akiongoza upande wa kushoto, tena kwa mahadhi yake mwenyewe, ambayo ilibidi watoto wayafuate.

Baada ya onyesho

Ndani ya wiki hiyo hiyo, kabla ya kumbukumbu kupoa, kaeni na watoto mwandike igizo lote kama lilivyosemwa siku ile, pamoja na maneno yaliyobuniwa jukwaani na yale mahadhi ya bibi kama kuna anayeweza kuyaimba. Liandikwe kwenye daftari kubwa la jalada gumu linalobaki kabatini. Klabu ya mwaka unaofuata ianze kwa kulisoma daftari hilo, kisha ipewe kazi ya kuutoa ubeti mmoja na kuweka wake mahali pale pale, kwa vina vile vile.